Mimi na Mkwe Wangu Melini: Nani Avae Nini

Sikuondoka Ukonga kwa hamu ya bahari. Bahari naiona nikienda mjini, na kwa mtu aliyezaliwa Njombe kuiona kwa mbali kunatosha. Niliondoka kwa sababu mwanangu Tumaini na mkewe Rukia, wanaofanya kazi Durban, walipata mtoto wao wa kwanza, wakatuita bibi wote wawili tukamwone. Tulipokwisha kukubali ndipo wakatuambia kwamba wametulipia pia safari ya meli ya starehe, mimi na mama yake Rukia, kutoka Durban hadi pwani ya Msumbiji na kurudi. Chumba kimoja.

"Chumba kimoja?" nilimuuliza Tumaini kwenye simu.

"Vitanda viwili, mama," alijibu, kana kwamba nilikuwa nauliza habari za vitanda.

Inabidi nieleze. Mimi na mama yake Rukia, Bi. Mwanahawa wa Tandika, tulikuwa watu wa kusalimiana tu. Watoto wetu walifunga ndoa ya bomani ili kanisa lisishinde wala msikiti usishinde, na hilo tulilimeza wote. Lililonikaa kooni ni sherehe ya jioni yake. Mashangazi na mama wadogo wa upande wake waliingia ukumbini wamejifunga kanga za aina moja, wakakaa meza za mbele, wakatupa migongo. Sie wa upande wa mume tukasoma migongo hiyo mpaka keki ikakatwa: UMEKARIBISHWA, USIJIKARIBISHE. Dada yangu aliyetoka Njombe aliniuliza kama tuondoke. Sikuondoka, ila tangu siku ile sikukanyaga Tandika, na yeye hakukanyaga Ukonga. Tulitumiana salamu za Idi na Krismasi, fupi, zenye adabu zote. Watoto walikuwa wanaliona hilo. Nadhani walikaa wakafikiri ni wapi duniani wanaweza kutuweka pasipo na mlango wa kutokea, wakakumbuka meli.

Wiki za maandalizi Rukia alitutumia ujumbe wa sauti. Mchana vaeni mtakavyo. Jioni kwenye ukumbi wa chakula hawaingii watu wenye kaptula, ndala wala nguo za kuogelea. Na kuna usiku mmoja wa mavazi rasmi. Niliusikiliza ule ujumbe mara mbili, nikaenda kwa fundi wangu na vitambaa. Alinishonea magauni ya kitenge ya kila namna, na la usiku wa mavazi rasmi akaliweka mabega yaliyosimama kama masikio ya sungura. Niliwaza kimoyomoyo kwamba safari hii kuna mtu wa Tandika atasoma mgongo wangu.

Uwanja wa ndege nilifika mapema, maana kutoka kwangu ni karibu. Bi. Mwanahawa alifika baadaye na baibui lake jeusi na begi moja la mkononi.

"Habari za nyumbani, mkwe?" nikamsalimu.

"Salama, mkwe. Za kwako?" Aliyatazama masanduku yangu mawili. "Unahamia?"

"Nimejiandaa tu."

"Haya. Mie nimeambiwa tunakwenda na kurudi."

Durban tulimkuta mjukuu ana pua ya kwao na hasira za kwetu. Tulimbeba kwa zamu, tukasifiana mikono, na asubuhi moja watoto wakatupeleka bandarini, wakatushusha, wakaondoka haraka kama watu waliotupa taka usiku.

Bandarini wahudumu walichukua masanduku yangu wakasema tutayakuta mlangoni mwa chumba. Bi. Mwanahawa akabaki na begi lake mkononi. Meli yenyewe ni jengo, tena refu kuliko ghorofa nyingi za Kariakoo, lina lifti, maduka, na mazulia yanayomeza kisigino. Kilichonishangaza zaidi ni abiria. Mzee wa umri wa askofu alipita amevaa kaptula yenye picha za mananasi. Mkewe alikuwa amevaa kitu ambacho kwetu kinaanikwa nyuma ya nyumba, tena chini ya kanga nyingine. Hakuna aliyewageukia. Sie tuliovaa ndio tuliotazamwa.

"Mkwe," Bi. Mwanahawa alisema taratibu, "tuangalie bahari."

Tukaiangalia bahari.

Jioni ya kwanza masanduku yangu yalikuwa hayajafika. Miguu ilikuwa imenivimba tangu safari ya ndege, viatu vyote vya maana vimo sandukuni, na mguuni nilikuwa na ndala. Nilijiambia gauni ni refu, nani ataona. Mlangoni pa ukumbi alisimama kijana wa Kiafrika, suti nyeusi, glovu nyeupe, akiwakaribisha watu. Alimtazama Bi. Mwanahawa katika baibui lake, akainamisha kichwa kama amepokea mke wa balozi. Halafu akatazama chini, kwangu. Akaanza Kiingereza cha pole sana. Bi. Mwanahawa akaniambia, "Anakwambia ndala," na yule kijana akastuka.

"Mnatoka Tanzania? Shikamooni, mama zangu. Mimi Salim, natoka Mombasa."

"Marahaba," nilisema kwa furaha. "Hata mimi natoka Mombasa."

"Kweli? Mombasa gani, mama? Likoni? Kisauni?"

"Mombasa ya Ukonga. Ukitoka kituoni ni hatua chache."

Salim alifikiri kidogo, akashindwa kuipata ramani hiyo; hakujua kwamba Ukonga nasi tuna mtaa wetu uitwao Mombasa. "Mama, nakuomba radhi. Ingekuwa ni mimi ungeingia hata pekupeku. Lakini msimamizi wangu yuko pale, na patipati haziingii. Huyu mama mwenzako apite, hana tatizo."

Nilisikia joto likipanda shingoni. Miaka yangu yote ya ukarani nimewarudisha watu mlangoni kwa sababu ya mavazi. Kumbe nikirudishwa mimi nahisi hivi. Nikasubiri Bi. Mwanahawa apite. Kutoka ndani harufu ya nyama ya kuchoma ilikuwa inatuita kwa majina.

Hakupita. Alimwambia Salim, "Sie tuko pamoja, baba," akageuka. Kwenye lifti hakunitazama wala sikumtazama. Tulikwenda ghorofa ya juu kabisa, mahali mtu anapojipakulia mwenyewe na hakuna anayeuliza umevaa nini. Huko tulisimama foleni nyuma ya baba mmoja kifua wazi, maji yanamchuruzika, anachota kachumbari.

"Mkwe, nywele za kifuani haziingii kwenye bakuli?" nilimnong'oneza.

"Usitazame. Chukua viazi, viko upande wa pili."

Tulikula viazi. Ilikuwa mara ya kwanza kula naye meza moja. Kwetu Njombe mkwe ni mtu wa kumwekea nafasi; huli kwa pupa mbele yake wala hukai naye kichwa wazi. Usiku ule nililala na kilemba changu kichwani, na kwenye kitanda cha pili niliona naye amelala na mtandio wake, tumenyooka wote wawili kama watu wanaosubiri kupigwa picha.

Asubuhi ya pili, baharini, masanduku yalikuwa mlangoni. Nilivaa kitenge cha manjano chenye mikono ya puto, nikapanda juu, kando ya bwawa la kuogelea, nikae kivulini. Bi. Mwanahawa alisema atakuja. Nikiwa nimekaa, mama mmoja wa Kizungu alinijia akitabasamu, akaniuliza onyesho linaanza saa ngapi. Sikumwelewa. Akacheza kidogo mabega ili anisaidie. Mumewe naye akaja, wakaja na majirani zao, wakavuta viti wakakaa mbele yangu duara, wakasubiri. Walidhani mimi ni mcheza ngoma wa meli. Nilijaribu kueleza kwamba mimi ni karani mstaafu, lakini Kiingereza changu cha ofisini kilikuwa cha barua, hakikuwa cha kujitetea.

Yaliyoniokoa ni macho yao wenyewe, maana yote yaligeuka upande mmoja. Mtu alikuwa ameruka majini bila kurusha hata tone, akapita chini ya maji bwawa lote kama samaki changu, akaibukia upande wa pili. Alikuwa amevaa vazi la kuogelea la stara, kutoka kichwani hadi vifundoni, rangi ya bluu. Alipopangusa uso ndipo nikamjua mkwe wangu.

"Nimezaliwa Kigamboni," aliniambia akiegemea ukingo. "Ulidhani tunaogea ndooni? Rukia ndiye kanunua hili, maana hapa huruhusiwi kuingia na dera. Ingia basi."

"Niingie na hiki?"

Alikitazama kitenge changu, mikono yake ya puto, na wale watu waliovuta viti. Akacheka mpaka akashika ngazi. Nami nikacheka, ingawa sikutaka.

Usiku wa mavazi rasmi ndio niliokuwa nimeungojea. Watu wa kaptula walikuwa wametoweka. Mzee wa mananasi alipita amevaa suti nyeusi na tai ya kipepeo, mkewe gauni la kung'aa hadi chini, wakanisalimu kwa heshima, na ilinichukua muda kuwatambua. Mimi nilikuwa na gauni la masikio ya sungura, viatu vya kisigino, kilemba cha juu. Bi. Mwanahawa alikuwa na baibui lingine jeusi, lina nakshi za dhahabu mikononi. Ndani ya begi lile dogo sijui alilikunja vipi.

Tulikuwa tumekaribia ngazi za ukumbi nilipoinama kuokota leso. Viazi vya siku zile vilikuwa vimeniongezea kiuno. Zipu ya mgongoni ilifunguka yote kwa mlio mmoja, kuanzia shingoni hadi mahali ambapo sitapaandika.

"Simama hapo hapo," nilimsikia nyuma yangu. "Usigeuke, usikimbie. Tembea." Akanibana mgongo kwa kifua chake, akatandaza mikono ya baibui kama mbawa, tukarudi chumbani tumegandana, hatua moja moja, watu wakitupisha kwa adabu wakidhani labda ndivyo wanawake wa kwetu wanavyotembea usiku wa mavazi rasmi.

Chumbani hatukuwa na sindano. Bi. Mwanahawa akafungua begi lake, akatoa kanga. "Jitande hii, itafunika." Aliikunjua, na maandishi yakanitazama. Ni ile ile ya sherehe ya harusi.

Nilikaa kitandani. Gauni wazi mgongoni, kilemba kimelala upande, nikasema niliyoyafungia moyoni siku zote. "Hii ndiyo mliyotuvalia, mkwe. Dada yangu alitaka kuondoka. Nilikuwa nimeleta ukoo wangu wote kutoka Njombe, ukanisomesha jioni nzima kwamba sina kwangu pale."

Aliitazama kanga, akaisoma kwa sauti kama mtu anayeiona mara ya kwanza.

"Mama Tumaini. Wallahi tulizunguka maduka siku mbili. Mashangazi wa Rukia wako wengi, na kila kanga nzuri haitoshi. Hii peke yake ndiyo tuliyoikuta ya kutosha wote, kwa sababu haikununuliwa na mtu. Nilisoma maandishi nikasema, mh. Dada yangu akasema watu wa bara hawasomi kanga."

"Tunasoma."

"Sasa najua." Akakaa kando yangu. "Na mie nilikaa nikingoja uje Tandika uniulize. Hukuja. Nikasema huyu mama karani anajiona, mtoto wangu anamwona mshamba. Nikanuna na mie."

Meli ilikuwa inatikisika kidogo. Kisha akatoa mtandio wake kichwani ajipepee, na nikaona nywele zake zimekuwa nyeupe kuliko zangu. Nikavua kilemba. Yeye ndiye aliyenigeuza, akanifunga ile kanga mabegani, akaipanga mikunjo mpaka masikio ya sungura yakalala.

"Maandishi yapo wapi?" niliuliza.

"Mgongoni. Katikati kabisa. Twende."

Tukaenda. Katika ukumbi ule wote wa suti na tai, mbali na sisi, mtu mmoja tu alijua kusoma Kiswahili. Salim alitufungulia mlango, akanipisha nipite, na nilipokuwa nimemwacha nyuma nikasikia amekohoa.

"Mama," alisema, "hiyo kanga inanisema mimi kwa ajili ya ile siku ya patipati?"

"Inawasema wote," Bi. Mwanahawa alimjibu, "wewe umeanza tu kuisoma." Salim alituletea nyama mara mbili.

Safari iliyobaki haikuwa na mambo mengi. Tulishuka Msumbiji tukanunua korosho, tukarudi Durban, tukambusu mjukuu, tukapanda ndege. Nyumbani watu wameniuliza sana melini wanavaa nini. Nawaambia: mchana hawavai, usiku wanavaa kupita kiasi, na mlangoni wanakutazama miguu. Lakini nililojifunza mwenyewe ni kwamba adabu ya mavazi kati ya wakwe ilikuwa imetuziba kuliko kutusitiri. Siku zote zile tulionana tukiwa tumevaa vizuri mno kuweza kuulizana kitu.

Dar es Salaam tulitua mvua ikinyesha. Tuliposubiri teksi Bi. Mwanahawa alilowa mpaka ndani, na barabara ya kwenda Tandika tukaambiwa imejaa maji, haisogei. Nikamwambia dereva atushushe wote Ukonga. Asubuhi yake watoto wakapiga simu ya video. Walimkuta Bi. Mwanahawa mezani, chai na maandazi mbele yake, amevaa gauni langu la kulalia lenye maua.

"Mama," Rukia aliuliza, "hilo gauni la nani?"

"La mama mkwe wako. Nguo zangu anazifua."

Akaigeuzia simu upande wa uani, na kwenye kioo chake nilimwona Rukia ameshika mdomo. Tumaini akasogea, akanitafuta kwa macho, akaniona uani, nimeinamia beseni, mikono imejaa povu.

"Mama, mko salama?"

"Tuko salama," nilimjibu. "Hebu kata simu, mkwe apate kunywa chai."

Bi. Mwanahawa akaikata yeye.