Kaputula na Vitanda vya Mulongo wa Tano

Siku ya dawa, hakuna kitanda kilichobaki ndani. Édouard alipita mlango kwa mlango katika kambi ya wafanyakazi, pompi ya dawa mgongoni, akigonga mbao kwa ngumi na kupiga kelele yake ileile:

"Vitanda inje! Magodoro inje! Masufuria, mufunike!"

Basi vitanda vikatoka. Vya chuma, vya mbao, kimoja mguu wake umefungwa kwa waya, vyote vikapangwa barabarani kana kwamba kambi nzima imeamua kuhamia juani. Ndani ya nyumba Édouard alipuliza dedete, ile dawa ya DDT, mpaka kuta zikawa kama zimepakwa unga. Mbu wafe, kunguni wafe, viroboto wafe. Kisha alifungua kaye yake, daftari la ukaguzi, na kuuliza maswali matatu. Maji ya kunywa yanafunikwa? Takataka zinatupwa wapi? Mnyama gani analala ndani?

Hilo la tatu ndilo lililomsumbua mwaka ule wa 1962. Alikuwa akiliuliza huku anatazama penseli badala ya kumtazama mtu usoni. Kwa maana nyumbani kwake mwenyewe, mulongo wa tano, yaani safu ya tano ya nyumba za kambi, mbwa alilala kitandani na mama yake.

Édouard alizaliwa karibu na Kakontwe, baba yake akiwa mvunja mawe ya chokaa. Alisoma kwa mapadri miaka minne, akaja Likasi, ambayo kwenye makaratasi iliitwa Jadotville, akapata kazi ya kubeba maji ya kuchanganyia dawa. Miaka mitatu alibeba ndoo tu, akizitazama pompi migongoni mwa wenzake jinsi watu wanavyoitazama baiskeli mpya dukani. Siku alipopewa ya kwake, mama yake, Mama Julie, aliziosha kanda zake kwa sabuni ya kuogea. Toka siku hiyo kambi nzima ilimwita Papa Pompi, na yeye aliitika kwa furaha.

Halafu Katanga ikajitenga na Kongo, na Septemba ya mwaka 1961 vita vikafika mjini. Askari wa Katanga na askari wa ONU, yaani Umoja wa Mataifa, walipigana siku kadhaa, ndege zikapita juu ya mabati, na Mama Julie akakaa chini ya meza amekumbatia kinu. Mapigano yalipokwisha alitoka, akajipangusa vumbi, akaomba chai. Chai ikamwagika yote. Mikono yake ilikuwa ikitetemeka, na haikuacha. Vita vilikwisha mjini, lakini mikononi mwa mama havikwisha.

Mwezi uliofuata akaja mbwa. Alikuwa wa rangi ya udongo, ila nyuma mweupe mpaka magotini, utadhani amevaa kaputula, na hilo likawa jina lake. Hakuna aliyejua ametoka wapi. Labda aliachwa na Wazungu waliokimbia, kwa sababu hakushangaa kuona nyumba yenye mlango. Aliingia moja kwa moja, akanusa kitanda cha Mama Julie, akapanda, akalala miguuni pake kama mtu aliyerudi kutoka safari.

"Mama, imbwa hawezi kulala mu kitanda," Édouard alisema.

"Nani anasema?"

"Minye. Ni kazi yangu kusema vile."

"Basi umeshasema. Kazi yako imeisha. Ende unawe mikono, bukari iko tayari."

Na sasa ndilo jambo lililomchanganya Édouard kabisa: baada ya wiki mbili, mama alishika kikombe. Baada ya mwezi, akatunga uzi kwenye sindano. Mikono ilikuwa imetulia kama zamani.

Ni mbwa? Au ni siku tu zilizopita? Édouard alitaka kujua kweli, siyo kubahatisha. Mwezi wa sita, baridi ilipoanza kuuma, akamfunga Kaputula kwenye kibanda cha jikoni siku tatu. Asubuhi ya tatu chai ikamwagika mpaka kwenye nguo za mama. Aha! Lakini jana yake ndege ilikuwa imepita juu ya kambi. Na baridi nayo ilikuwa kali, hata Delphine, mke wake, alitetemeka akichota maji. Édouard aliandika yote nyuma ya kaye, akachora mishale kati ya mbwa, ndege na baridi, mishale ikapishana mpaka ukurasa ukawa kama kiota. Akamfungua mbwa. Chai ikaacha kumwagika, lakini na ndege hazikupita tena wiki ile. Sasa?

Daktari wa kambi wa kumwuliza hakuwapo, aliondoka na Wazungu wenzake mwaka 1960. Na hata huyo, Édouard alimkumbuka vizuri sana, kwa sababu aliwahi kutumwa kupuliza dawa nyumbani kwake. Daktari ndiye aliyeandika sheria ya wanyama kutolala ndani. Na katikati ya kitanda cha daktari, juu ya shuka nyeupe, alikuwa amelala mbwa mkubwa mwenye masikio ya kuning'inia. Madamu alisema, "Umuache, alipigwa sindano." Édouard alitoka na swali ambalo hakulimaliza mpaka leo. Sindano inamzuia mbwa asipate kichaa, sawa. Lakini viroboto wake je? Nao walipigwa sindano?

Akamwuliza jirani yake Assani, dereva wa lori, Mwislamu aliyetoka upande wa Kasongo.

"Kwetu imbwa analinda inje," Assani alisema kutoka chini ya lori. "Mate yake ikigusa nguo yangu, ninafua mbele ya kusali."

"Kwa hiyo inaleta magonjwa?"

"Ile ni mambo ya sala, ndugu yangu. Mambo ya magonjwa, mi sijue. Weye njo muntu ya afya, na unauliza shofere?"

Lakini kulikuwa na jambo la ajabu zaidi. Kitabu cha usafi kilisema mbwa wa kitandani huleta viroboto na upele. Vema. Mama Julie, aliyelala na mbwa, hakuwa na kipele hata kimoja. Aliyejikuna alikuwa Édouard! Yeye asiyemgusa Kaputula hata kwa mguu, alijikuna kiuno, alijikuna mgongo, alijikuna akiwa anawaambia watu wasijikune.

"Anayelala na imbwa iko muzima," Delphine alimcheka, "na anayekimbia imbwa anajikuna. Andika ile mu kaye yako!"

Kisha akaja Dominique. Alikuwa shefu mpya wa usafi wa kambi, mtu mnyoofu, mwenye kofia ya kaki. Akawakusanya wote na kusema wazi: mfanyakazi wa usafi atakayekutwa na mnyama anayelala ndani ya nyumba yake, atarudisha pompi. "Hatuwezi kuomba bantu kintu yenye sisi wenyewe tunashindwa," alisema. Na Alhamisi, akaongeza, atakuja mwenyewe kukagua mulongo wa tano, vitanda vyote vikiwa nje.

Édouard alirudi nyumbani polepole. Pompi ilikuwa tupu, lakini siku hiyo ilimlemea. Mbwa akilala ndani, pompi inaondoka. Mbwa akiondoka, mikono ya mama je? Na kama mbwa hana uhusiano wowote na mikono, atakuwa amepoteza pompi kwa bure. Na kama anao? Alitamani mtu yeyote amwambie ndiyo au hapana, hata kwa uongo.

Alhamisi asubuhi akampeleka Kaputula kwa Assani.

"Mpaka saa sita tu," alimwomba.

Assani aliutazama mkono wake, akautazama ulimi wa mbwa, akachukua kipande cha gunia na kukizungusha mkononi kabla ya kushika kamba. "Kwa ajili yako, Édouard. Juu yako tu."

Vitanda vikatoka. Jua lilikuwa limepanda, hewa ingali na baridi, na mulongo wa tano wote ulisimama nje ukiota jua kati ya magodoro. Dominique alikuja na penseli. Mama Julie alikaa kwenye kigoda kando ya kitanda chake, kikombe cha bati juu ya kisahani mkononi, kama mwenye duka.

Wa kwanza alikuwa mbwa mweusi wa nyumba ya pili. Alitokea nyuma ya jikoni, akaona kitanda kiko nje, akashangaa kidogo, akapanda, akalaza kichwa kwenye mto.

"Ile haina imbwa yangu, siijue!" mwenye nyumba akapiga kelele.

"Basi juu ya nini anajua muto yako?" Dominique aliuliza.

Akaja wa pili, wa kahawia. Akapita vitanda vitatu, akachagua cha nne. Akaja jike mnene, akasaidiwa na mtoto wake kupanda. Mbwa watano, vitanda vitano, na hakuna hata mmoja aliyekosea! Watu walianza kwa kufukuza na kurusha mawe, wakaishia kushikana mabega kwa kicheko.

Ndipo kamba ikasikika ikiburuzwa. Kaputula alikuja mbio, kamba shingoni, gunia la Assani likirukaruka nyuma yake, na Assani mwenyewe nyuma ya gunia akisema, "Alikamata mukono yangu na meno, huyu! Gunia iliniokoa!"

Édouard alifumba macho. Alipofumbua, Kaputula alikuwa amesimama mbele ya kitanda cha mama. Alikinusa. Akakiacha. Akaenda kwenye kitanda kipana chenye godoro la mistari, akaruka juu, akazunguka mara tatu, akajikunja ndani ya shimo lililomtosha sawasawa kama kipimo cha fundi. Édouard siku zote alidhani shimo lile ni la kiuno chake.

Kilikuwa kitanda chake yeye na Delphine.

Kelele zilizopigwa zilifika mulongo wa tisa. "Papa Pompi! Papa Pompi, shi uliuliza nani analala mu nyumba?"

Delphine alitazama ukucha wake. "Ni muchana tu," alisema. "Weye unaenda ku kazi, kitanda inabaki bule. Usiku yote anaendaka kwa mama."

Dominique hakucheka. Alienda kwanza kwenye kitanda cha Mama Julie, akainua blanketi, akalipiga kwa kiganja. Hakikutoka kitu. Hata unyoya mmoja.

"Imbwa hajalala hapa."

"Analalaka hapa kila siku," Mama Julie alisema, kidogo kwa kuudhika.

"Manyoya iko wapi?"

"Kila asubui ninakung'uta bulangeti, ninaanika mu jua. Na Kaputula ninamuchana, ninamuosha na maji ya tumbako. Unazania niko muchafu?"

Dominique akaenda kwenye godoro la mistari, akalipiga mara moja. Vumbi likapanda, manyoya yakapanda, na vitu vidogo vyeusi vikaruka kila upande. Akarudi nyuma hatua mbili.

"Hii godoro ilitoka inje lini?"

"Siku ya dawa," Édouard alisema kwa sauti ndogo.

"Siku ya dawa gani?"

"Ya mwaka jana."

Dominique alishika penseli, akaiachia, akaishika tena. Alitazama kitanda chenye mbwa kila usiku, safi. Alitazama kitanda cha mtu wa usafi, kinaruka viroboto. Ilionekana wazi kwamba na yeye kitabu chake hakikumwambia la kuandika. Alimvuta Édouard kando.

"Sikiya, ndugu. Ile kamba ni ya Assani, bantu bote banaiona. Sema imbwa ni ya Assani. Leo anarudi kwake, anabaki kwake, na weye unabaki na pompi yako. Mi sikuona kitanda."

Ilikuwa rahisi kiasi hicho. Édouard alifungua mdomo. Na hapo akasikia sauti ndogo, ti-ti-ti-ti, bati juu ya bati. Mama Julie alikuwa amesikia. Alikitazama kikombe chake kwa hasira, kana kwamba ni cha mtu mwingine, lakini kikombe kiliendelea kugonga kisahani.

Ni mbwa? Ni hofu tu? Ni baridi? Édouard hakujua, na hakuwa na siku tatu nyingine za kujaribu.

"Imbwa ni ya mama," alisema. "Andika, shefu."

Dominique aliandika. Kisha yeye mwenyewe akamsaidia kuvua kanda za pompi, taratibu, bega moja halafu la pili. Hakumfukuza kazi. Alimhamishia kwenye kufukua mifereji, na wenye wale mbwa wengine watano aliwaamuru wakung'ute magodoro yao kila asubuhi, jambo ambalo halikuwa katika sheria yoyote.

Toka siku hiyo Édouard alishinda na koleo kwenye matope, na aliyeimba "Vitanda inje!" alikuwa mtu mwingine. Wiki mbili za kwanza alipita mbali na watu. Wiki ya tatu, akiwa amekaa ukingoni mwa mfereji, alishtuka: hajikuni. Alivua shati, akajitazama. Hakuna kitu.

Alikimbia nyumbani kumwambia mama.

"Nimepona!"

"Njo nilikwambia, ni kukung'uta bulangeti," Mama Julie alisema.

"Haina ile, ni ile dedete alikuwa anabeba mu mugongo," Delphine alisema. "Sasa habebe tena."

"Ao ni kwa vile Kaputula anaoga mara mbili," mama alifikiri.

Édouard alikaa chini. Yote matatu yalianza siku ileile! Angejuaje sasa? Alitafuta kaye yake, akakumbuka kwamba aliirudisha pamoja na pompi.

Mama Julie alimmiminia chai, kikombe kikajaa mpaka mdomoni, hakikumwagika hata tone. Édouard aliinywa amesimama, akatoka nje, akaligeuza godoro la mistari juani kwa mara ya pili siku hiyo, kwa tahadhari tu. Kaputula alikaa chini karibu naye, akisubiri godoro lirudi ndani.