Asubuhi Ndefu ya Fundi Sweta

Fundi sweta alisoma tiketi kwa kidole, akacheka peke yake. Ndege inaondoka saa mbili asubuhi, inafika saa nne, asubuhi ile ile.

"Na huyu mtoto ananitisha eti ni mbali," akamwambia mumewe.

Mumewe, ambaye hajawahi kupanda hata ngazi ya ndege, akaafiki kwamba vijana wa siku hizi wanapenda kukuza mambo.

Binti yao angejifungua kwa upasuaji siku hiyo hiyo, saa nane mchana, huko ughaibuni, na alikuwa anaogopa. "Nitakushika mkono mpaka mlangoni," fundi alimwahidi kwenye simu. Kwa hesabu yake, muda ulitosha na kubaki.

Yeye hupima muda kwa kazi, kwa hiyo alibeba uzi wa jozi moja tu ya soksi za kichanga. Jozi moja kwake ni saa mbili, maongezi yakiwemo.

Ndege ikaruka, naye akampigia makofi rubani ambaye hata hakumwona. Akafuma. Soksi zikaisha. Akachungulia dirishani: mawingu, na jua pale pale. Akamuuliza mhudumu kama wameanza kushuka.

"Bado saa nane za safari, mama."

Akadhani anataniwa. Akafumua soksi, akazifuma upya, akazifumua tena. Saa ya mkononi ilipofika nane mchana wakiwa bado angani, aliweka sindano mapajani akalia kimyakimya. Mwanangu anaingia peke yake, alijiambia, kwa sababu ya ujuaji wangu.

Walitua saa yake ikionyesha kumi na mbili jioni. Alitoka akikimbia, mkoba ukimpiga ubavuni, akamkuta mkwewe anamsubiri.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nisamehe, baba, nimechelewa. Amejifungua salama?"

"Ajifungue vipi, mama? Ndiyo kwanza saa nne asubuhi. Yupo hospitali anakuulizia."

"Saa nne ya wapi?"

"Ya hapa. Saa za huku ziko nyuma ya zenu. Mmesafiri saa kumi nzima, ila mlikuwa mnalifuata jua."

Fundi alitazama saa ya ukutani, akatazama jua nje. Nusu ya maelezo aliielewa, nusu akamwachia Mungu. Kisha kicheko kikampanda, akacheka mpaka akashikilia toroli la mtu asiyemjua. Amerudishiwa siku yake, nzima! Garini alimuuliza mkwewe saa kila walipokata kona, kwa raha tu ya kulisikia jibu.

Mchana, binti aliposukumwa kwenye kitanda cha magurudumu, fundi alitembea ubavuni, mkono mkononi, akimsimulia jinsi alivyomlilia hewani kabla ya wakati. Binti akacheka akisahau kuogopa.

"Mama, mwisho wako ni hapa," muuguzi akasema mlangoni. Ilibidi arudie, kwa maana walikuwa bado wanacheka na hakuna aliyekuwa ameachia mkono.