Mguu wa Baba Kwenye Kioo

Baba alikatwa mguu msimu wa kuvuna ndengu, chini kidogo ya goti, baada ya kidonda cha kisukari kukataa kupona. Alikuwa mfanyabiashara wa mbuzi. Maisha yake yote aliwanunua vijijini, akawaswaga kwa miguu hadi soko la Mwingi. Siku aliyotoka hospitali alirudishwa nyumbani Kyuso kwa pikapu ya muumini mmoja wa kanisa letu. Kesho yake asubuhi akanipigia simu Nairobi.

"Wewe si ndiye unasomea maumivu?"

"Ndiyo, Baba."

"Basi niambie. Vidole vya mguu vinaungua."

"Mguu upi?"

Nilisikia kuku upande wake, na upepo.

"Ile haiko," akasema.

Nilikuwa kazini, katika chumba tunachokiweka giza ili tuone vizuri. Kazi yangu ni kuyatazama maumivu yakianza. Seli za neva zilizotolewa kwa panya hulala kwenye kisahani chini ya hadubini, na juu ya kila seli kuna vipokezi, yaani milango midogo inayongoja kubishwa. Nikidondosha tone lenye ukali wa pilipili, mlango hufunguka, na rangi tuliyoitia seli hung'aa kijani. Huanza moja, ikafuata nyingine kule pembeni, mpaka kisahani kizima kikawa kama kijiji kikiwasha taa jioni. Joto kali hufungua mlango uohuo. Kiswahili kinasema pilipili huwasha, na mara nyingi nimekaa gizani nikilifikiria neno hilo.

Lakini vidole vya baba havikuwa na ngozi, wala vipokezi, wala mlango wowote wa kubishwa. Ijumaa nilipanda gari nikaenda nyumbani.

Nilimkuta ameketi barazani, macho kwenye ndengu zilizoanikwa juu ya turubai. Jua lilizifanya zing'ae hata uwanja ukaonekana kama maji. Mama yangu, ambaye sote tunamwita Mwaitu, alinivuta jikoni kwanza.

"Anataka mjomba wako aende hospitali akaulize mguu ulizikwa vipi," akaninong'oneza. "Anasema waliuweka umekunjwa. Eti wakaunyooshe. Wamama wa kanisa walikuja kumwombea, akawaambia hivyohivyo. Watasema amerukwa na akili."

"Hajarukwa na akili, Mwaitu."

"Basi mwambie wewe. Mimi hanisikii."

Nilikaa kwenye kigoda karibu naye. Nilimweleza kwamba neva zilizokatwa bado zinapeleka ujumbe wa ovyo, na kwamba ndani ya ubongo kuna mahali palipotengwa kwa ajili ya mguu ule, na mahali pale hapajapata habari kwamba umeondoka.

"Kwa hivyo ubongo wangu ni mjinga?"

"Hapana. Unauita mguu, mguu hauitiki. Ndiyo unazidi kupiga kelele."

Upepo uliinua ncha ya turubai, ukaiacha.

"Basi upelekee hizo habari," akasema. "Si ndiyo kazi yako?"

Haikuwa kazi yangu. Mimi ni mtu wa seli na visahani. Lakini nilikuwa nimesoma kuhusu wagonjwa waliosaidiwa kwa kioo, na kabati la Mwaitu lilikuwa na kioo kirefu mlangoni. Nilifungua skrubu kwa kisu cha jikoni huku Mwaitu akinitazama. Nikakisimamisha katikati ya miguu ya baba, uso wa kioo ukielekea mguu mzima, na kile kigutu nikakificha nyuma yake.

"Usiangalie mguu. Angalia ndani ya kioo."

Akainama. Pale ambapo hapakuwa na kitu, palikuwa na mguu, na kisigino chake, na vumbi lake. Halafu akasema kwa Kikamba, kwa sauti ambayo mtu humpokelea mgeni, kwamba umerudi.

"Sasa kunja vidole vyote, vya huku na vya kule. Vifungue pamoja. Polepole."

Alivikunja. Alivifungua. Akarudia, na uso wake ukalegea, na machozi yakateremka bila yeye kuyajali.

"Vimefunguka," akasema. "Vimefunguka, mwanangu."

Mwaitu akaja, mikono ingali na maji. Alisimama mahali ambapo naye aliiona ile miguu miwili. Aliingia ndani, akatoka na chupa ya mafuta, akapiga magoti na kuanza kuupaka mguu mzima. Kwenye kioo mikono mingine miwili ikaupaka ule mwingine.

"Hapo," baba alisema. "Katikati ya vidole."

"Vya upande gani?"

"Zote mbili."

Wakaendelea hivyo. Mimi nilikishika kioo kisianguke, nikahisi kwamba wamenisahau.

Maumivu yalirudi kabla ya chakula cha jioni. Kesho yake tukajaribu tena, na nilipoondoka Mwaitu akaendelea naye kila siku baada ya chai. Pole kwa pole vidole vikapunguza kuungua. Huungua tena miezi ya baridi, halafu hutulia. Habari za kwenda kuunyoosha mguu kaburini hakuzitaja tena. Siku moja aliniuliza kama kioo kinamdanganya.

"Kinakudanganya, Baba."

"Sawa tu. Kinidanganye."

Siku hizi ana mguu wa bandia, na siku za soko jirani humpeleka Mwingi kwa gari. Hukaa kwenye stuli, mbuzi wakaletwa kwake, akawapapasa mgongo na kutaja bei.

Mwezi uliopita nilimtembelea. Mvua ilikuwa imenyesha mbali, tukiisikia harufu yake tu. Alikuwa amevua mguu wa bandia, macho ameyafumba, nikadhani anaumwa.

"Haiumi," akasema. "Leo vidole vina baridi. Ni kama nimesimama kwenye mchanga wa mto na maji yanapita."

"Mto gani?"

Alisikiliza, kichwa ameinamisha.

"Bado sijaujua," akasema. "Ngoja kwanza."

Nikasogeza kigoda karibu, tukangoja.