Pine Tuliyonyoa kwa Kisu

Siku ya kwanza ya kazi yangu, chef wa atelier ya mafundi ya Musienene alinipa bidon mbili na akanituma ku source. Nilikuwa nimevaa salopette mupya ya bleu, nguo ya kazi mama alinishonea, na usiku wote niliota kwamba mbele ya saa sita ya muchana nitakuwa nimeshafungua moteri muzima. Kumbe ni kuchota maji. Nikaleta. Akaniambia nifunge bidon moja kushoto na moja kuume, ku porte-bagage, kiti ya muzigo, ya kinga ya moteri iliyosimama pale, ni kusema baiskeli yenye kufungwa moteri.

«Sasa zungusha gurudumu ya nyuma, na usikilize.»

Kabla ya maji, shene, ule munyororo, ilikuwa inapita kimya. Sasa ikaanza kusema: krr, krr, krr. Ilikuwa inakula pine, mupira wa inje wa gurudumu.

«Umesikia, mwali? Hapana pima kinga yenye iko bure. Mutu hanunui moteri ju ya kubeba upepo.»

Ninaandika kwa ajili yenu munaoanza hii kazi leo mu miji ya Butembo na Beni, na ninawaomba musamaha mapema. Mimi ni mutu wa kucheka, kila mutu anajua. Mais humu ndani sitacheka sana. Niko na miaka makumi mbili na tisa, na nilishapewa retraite, mapumziko ya wazee. Mutaona ni nani alinipa.

Kwanza kazi yenyewe. Kinga ya moteri iko na shene mbili. Ya kuume ni ile ya miguu, ya zamani. Ya kushoto ni ya moteri: inatoka ku kamoteri kadogo kama kichwa ya mbuzi, inafika ku couronne, ni kusema ile sahani yenye meno tunayofunga ku rayons, zile njiti za chuma za gurudumu ya nyuma. Ile shene ya kushoto inapita karibu sana na pine. Mu inchi yenye barabara nzuri haingekuwa shida. Mais huku kwetu kila client anataka pine munene yenye meno makubwa, ju ya potopoto, matope yetu. Hana makosa. Na pine munene inaenda kugusa shene. Donc nusu ya kazi yetu ilikuwa kutafuta nafasi kati ya hivyo viwili, nafasi ya kidole kidogo tu.

Chef wa Musienene alinifundisha njia zote. Unaweza kugeuza couronne, maana nyingi ziko na tumbo kama sahani ya supu: tumbo ikitazama inje, shene inatoka mbali na pine. Unaweza kuweka rondelle nyuma yake, yaani vile vipete bya chuma, moja, mbili, hapana zaidi. Unaweza kuvuta janti yenyewe, ile duara ya chuma inayobeba pine, upande wa kuume: unalegeza rayons za kushoto robo, unakaza za kuume robo, unazunguka hivyo gurudumu muzima, polepole kama mutu anasuka nywele. Hii ndiyo niliipenda. Inaomba saa tatu na mugongo inauma, mais ikiisha gurudumu inaenda kama wimbo. Na kama byote bimeshindwa, unamwambia client ukweli: Papa, hii pine ni munene kupita kinga yako, tafuta ingine. Kila mara, kiisha kutengeneza, bidon za maji zinarudi juu, na tunasikiliza tena. Ju muzigo inakunja gurudumu, na nafasi uliyoiona asubui inapotea.

Nilikaa pale miaka mitatu. Chef alipochoka macho akafunga mulango, akarudi ku mashamba ya viazi. Mimi nikashuka Beni, kwa gérant, musimamizi wa atelier moja karibu na parking ya malori. Joto, vumbi ya kakao, basoda na bunduki kila kona. Nilifanya mwaka. Halafu patron mwenyewe, mwenye ile atelier ya Beni na ingine kubwa ya Butembo, akanipandisha Butembo. Nilifurahi sana. Niliandikia mama: nimepanda grade.

Patron alikuwa mutu wa kuvaa muzuri, na sauti ya mukubwa wa mukutano. Clients balipanga mustari tangu asubui. Siku ya pili nilianza kufunga maji ku kinga moja, akaniona.

«Mademoiselle, unanywesha maua?»

Batu bote balicheka. Na mimi nikacheka.

«Ni ju ya kupima na muzigo, patron.»

«Hapa hatupime na muzigo. Hapa tunanyoa.»

Akanipa kisu. Kunyoa ni hivi: unachukua kisu kali, unakata meno ya pine upande wa kushoto, yale yanayogusa shene. Robo saa, shene inapita, client anaenda na furaha. Munisikilize vizuri ninyi munaosoma. Ile meno si urembo. Chini yao kuna ngozi nyembamba, na chini ya ngozi kuna nyuzi, na chini ya nyuzi ni hewa. Ukinyoa, umetoa nguo ya pine. Na shene haikusogea hata kidogo! Muzigo ikipanda tu, gurudumu inakunjika, shene inarudi kula pahali pale pale, na sasa hakuna tena kitu ya kukula isipokuwa nyuzi.

Nilijua. Nilinyoa. Miaka mine nilinyoa, ju mu atelier yetu kulikuwa desturi: mbele ya client, mukono wa patron haukosee. Ukiwa na neno, unangoja client aende. Na akisha kwenda, neno inasaidia nani?

Sasa Papa Mbusa. Papa Mbusa alibebaka mafuta ya mawese kutoka Beni mupaka Butembo ku kinga, bidon ine, tangu mbele nizaliwe. Magoti yake yalikuwa yameisha. Muganga alimwambia akisukuma tena ile milima mwaka mumoja, atatembea na fimbo mbili. Donc alitafuta moteri, ju ya kuokoa magoti. Nilifunga moteri yake na mikono yangu. Pine yake ilikuwa munene, mupya, ya kupendeza. Shene iligusa.

«Patron, hii tuvute janti,» nikasema chini chini. «Ni mutu wa muzigo mukubwa. Na kuna mitelemuko.»

«Nyoa.»

«Patron, bidon ine...»

«Mademoiselle, hii si seminari. Nyoa, mwenyewe anangoja.»

Na Papa Mbusa pale anatutazama, anatabasamu, kofia mukononi. Aliniuliza mimi, si patron: «Binti, iko sawa?» Patron akajibu: «Iko muzuri kabisa, Papa.» Mimi nilifuta kisu ku salopette. Nikasema: «Ndiyo, Papa.»

«Wasingya,» akaniambia, kwa Kinande, asante. Kesho yake asubui akashuka Beni na bidon za bure, bila kitu ndani. Kinga ikaenda kimya.

Muda wa saa mbili sikuweza kushika funguo ya kazi. Nilikuwa naona ile mutelemuko ya mbele ya daraja, ku njia ya kurudi, na ile pine, na mafuta kilo na kilo nyuma ya muzee. Nikaenda kwa patron.

«Niruhusu niende Beni. Nimusimamishe mbele apakie.»

«Utamwambia nini?»

«Ukweli.»

Hakukasirika. Ile ndiyo inanitia hasira mupaka leo: hakukasirika. Alitazama ile mustari ya clients, akasema na sauti yake ya mukutano: «Mademoiselle amechoka. Ukipita ule mulango, uko na retraite.» Batu bakacheka tena. Safari hii mimi sikucheka. Nikapanda taxi-moto.

Nilimukuta ku parking, nyuma ya malori. Bidon tatu zimeshafungwa, ya ine anaikaza na kamba ya mupira.

«Papa, hapana washa moteri. Pine itapasuka.»

«Patron yako alisema iko muzuri.»

«Papa, zungusha gurudumu na mukono. Nakuomba. Mara moja tu.»

Akazungusha, kama mutu anafanyia mutoto hisani. Krr, krr. Akainama, magoti yakilia. Ule upande wa kushoto ulikuwa umeshaanza kuonyesha nyuzi nyeupe, na ilikuwa ni kushuka tu bila muzigo, na kuzungusha kidogo.

«Nani alikata hii?»

«Ni mimi.»

«Nilikuuliza.»

«Ndiyo, Papa. Uliniuliza.»

Mubebaji mwenzake mumoja akapiga mudomo: «Kumbe banatuuzia kifo na kisu ya kinyozi!» Wengine bakaanza kugeuza bakinga zao, bakaangalia pine. Papa Mbusa yeye alitoa shene ya moteri, akaikunja, akaniwekea mukononi, na grisi yake yote. Pine ingine hakuwa nayo, na mafuta ya mawese yalikuwa yanangojwa Butembo.

Tulisukuma siku mbili. Yeye mbele, mimi nyuma. Milima yote ile muganga alimukataza. Ku kila mulima nilisikia pumzi yake, na ku kila mulima nilisema ndani yangu: ile ni mimi. Ku barrière, pale banafunga barabara, soda mumoja alitutania, «Moteri inapanda bure, benyewe banatembea?» Papa Mbusa alizidi kusukuma. Njia muzima aliniambia maneno matatu: «Shika,» «Ngoja,» na «Twende.»

Tulifika mbele ya atelier, mustari ya clients ikiwa kamili. Papa Mbusa akasimamisha kinga katikati, na bidon zake ine juu.

«Patron, kuya uzungushe gurudumu yangu.»

Patron alikuya akifuta mikono. Hakuinama. Akanionyesha na kidole.

«Papa, muulize huyu. Ni mukono wake ulinyoa. Mimi sikushika kisu.»

Na hakusema uongo. Hapo ndipo ninawaomba musimame, ninyi munaoanza. Miaka mine, hata siku moja patron hakushika kile kisu. Alikuwa na mikono safi, na sisi tuliona ni heshima.

Nikasema: «Ni kweli. Nilinyoa hii, na ile, na ile ya kofia nyekundu pale. Papa mwenye kofia, hapana shuka nayo.» Nikatembea mustari wote nikionyesha zile nilizozijua. Nilihesabu tisa nikaacha kuhesabu. Patron aliita sentinelle, mulinzi wa mulango, anitoe. Nilitoka mwenyewe.

Hivyo ndivyo ilivyo retraite yangu. Atelier yake bado iko wazi, wameleta kisu ingine na mutu mwingine wa kuishika. Musinifundishe kutulia.

Mimi niko na banda ya mabati inje ya muji, funguo chache, na ndoto nyingi kama zamani: nitatengeneza gurudumu zenye zitashuka mupaka Mutwanga na kurudi, na hakuna mutu atafikiria shene yake njiani. Chef wa Musienene alinitumia salamu na kiti yake ya kazi. Clients banakuya, polepole.

Papa Mbusa naye anakuya. Anatembea na fimbo sasa, moja. Siku ya kwanza alileta pine mupya, nikavuta janti yake, robo kwa robo, saa tatu. Hakwenda kununua ndizi, hakwenda kuongea na batu ku barabara. Alikaa ku kiti, mbele yangu, macho ku mikono yangu, tangu rayon ya kwanza mupaka ya mwisho. Hata leo, akileta kitu kidogo, freni tu, anakaa vile vile. Haniamini. Ana haki. Nami ninafanya polepole, ninageuza gurudumu upande wake, ili aone.