Pingamizi Langu kwa Bastola ya Papa

Nilikuwa nimepanga chumba cha juu kwa mzee mmoja Mbelgiji, huko Ganshoren, Brussels. Mkewe alikuwa amefariki na watoto wake wanaishi mbali. Nilimwita Papa, yaani baba, naye akazoea. Jumapili tulikunywa supu pamoja, mara nyingi bila maneno mengi.

Papa alikuwa na bastola, ya tangu enzi zake za kulenga shabaha klabuni. Kibali chake kilipofika wakati wa kukaguliwa, polisi wa mtaa alikuja asubuhi moja akaomba kuzungumza nami jikoni, peke yetu. Sheria ya hapa inataka kila mtu mzima anayeishi na mwenye silaha aulizwe.

"Una pingamizi lolote, madame?"

Kwetu Bukavu niliwaona wengi wenye bunduki, na hakuna aliyeniuliza kama ninakubali. Hata Brussels, miaka yote ile, sikuwahi kuulizwa ninataka nini. Nilikumbuka mchana niliomkuta Papa ameketi upande wa kitanda aliokuwa akilala mkewe, bastola mapajani. Aliniambia anaisafisha. Sikuona kitambaa wala mafuta.

"Ninalo," nikasema, kisha nikamweleza.

Wiki kadhaa baadaye Papa alipata barua ya kumtaka aisalimishe. Alinisubiri mlangoni nitoke kazini.

"Ni wewe."

"Ni mimi, Papa."

"Ulidhani nitakuua?"

"Hapana. Sikuogopa kwa ajili yangu."

Aliingia chumbani kwake. Tangu siku hiyo alibeba bakuli lake akala huko, nami nikabaki mezani na kijiko changu. Nilimpigia dada yangu wa Schaerbeek.

"Bon, kile kintu ni chake," akasema kwa Kiswahili cha kwetu. "Uliingia mu mambo ya bantu juu ya nini?"

Nilikata simu nikaosha sufuria.

Majira ya kuchipua nilihamia Anderlecht. Siku ya kuondoka Papa alisimama kwenye ngazi, akauliza barua zangu azitume wapi. Nikamwandikia anwani.

Alizituma. Kila mwezi moja au mbili, anwani mpya ikiwa imeandikwa kwa mkono wake. Hakuongeza hata neno moja la kwake. Nilizisoma bahasha zaidi kuliko barua zenyewe, nikajua bado yu hai.