Picha Mia Moja na Arobaini za Shangazi, Zote Ukungu

Jamani, nilimpiga shangazi yangu picha mia moja na arobaini kwa siku moja, na hata moja haikuwa na sura yake.

Unaona rangi ya gauni. Unaona kuna mtu ndani ya gauni. Basi.

Shangazi ni fundi cherehani. Miaka yote kashona kwenye baraza za watu, na Jumamosi ile alikuwa anafungua duka lake mwenyewe. Alitaka bango lenye picha yake mlangoni. Mchapishaji akasema picha imfikie Ijumaa kabla ya saa kumi jioni.

Mimi na kiherehere changu: "Shangazi, niachie mimi."

"Una uhakika?"

"Shangazi, unanidharau?"

Kamera yenyewe nilikuwa nayo siku ya tatu.

Ijumaa asubuhi nikafuata kijitabu cha maelezo ya kamera neno kwa neno. Viwiko nimevibana mbavuni. Pumzi nimeizuia mpaka macho yananitoka. Kitufe nabonyeza nusu kwanza, kamera ishike sura, ndiyo namalizia.

Ukungu!

"Tulia basi, shangazi, unatikisika!"

"Mimi natikisika? Nimekaa saa mbili sijapepesa jicho! Labda wewe ndiye una homa."

Saa nane nikaona ananitazama vibaya. Nikakimbilia kwa mzee mwenye studio, mtaa wa pili. Akaigeuza kamera, akakwaruza lenzi kwa ukucha.

Ikabanduka nailoni.

"Kijana, nani kaivalisha kamera koti la mvua?"

Haki ya Mungu, nilijua palepale. Mama! Mama yangu haruhusu kitu kipya kivuliwe nailoni. Makochi yetu yanayo mwaka wa tano sasa, ukikaa yanapiga kelele. Rimoti inayo. Sasa kamera imekuja haina, kaona aibu, kakata ya godoro akaibandika kwa gundi, safi, haina hata mkunjo.

Nikampigia simu.

"Nilikutunzia kioo kisichubuke," akasema. "Asante iko wapi?"

Nikarudi mbio. Nikapiga moja tu. Kali! Kila kope, kila kunyanzi, mpaka uzi uliomng'ang'ania mdomoni.

Nikampa shangazi aione, kifua mbele. Akatazama. Akaisogeza karibu na macho. Nikajua leo nimekwisha, nimemzeesha mtu mchana kweupe.

"Huyu ni mama," akasema.

"Hapana, shangazi, ni wewe."

"Najua ni mimi. Lakini ni mama."

Machozi yakamshuka. Bibi, mama yake shangazi, alifariki kabla sijazaliwa na hakuacha picha hata moja. Shangazi alikuwa ameanza kumsahau sura, na hilo hakuwahi kumwambia mtu.

Kwenye bango akaweka ya ukungu. "Mama yangu simwaniki juani," akasema. Wateja wanaisifu eti ni sanaa.

Ile kali iko chumbani kwake. Juzi asubuhi nilipita kumwona, nikamsikia humo ndani, peke yake, mbele ya picha yake mwenyewe:

"Shikamoo, mama."

Nikarudi nyuma taratibu, nikakaa nje mpaka alipomaliza.

Wapigeni watu wenu picha kali, jamani. Hujui nani atatokea humo. Ila kagueni lenzi kwanza, akina mama tunaishi nao.