Jaketi Lisilokauka

Kwenye gati walimwita Bi Bolti, na jina lilimkaa sawasawa. Kwa miaka kumi na sita alikuwa fundi wa gati la umma pale ziwani, mwanamke pekee katika karakana ya watu saba. Kila Jumatatu asubuhi alilitembea gati lote kutoka nchi kavu hadi nchani, nyundo mkononi, akigonga ubao mmoja baada ya mwingine na kutega sikio. Ubao mzima hujibu. Uliooza hutoa sauti ya puu, kama mtu aliyepigwa ngumi ya tumbo. Ule aliutia alama ya chaki, akaurudia na msumeno kabla jua halijakuwa kali. Bolti zenye kutu alizing'oa zingali na nguvu, ngazi za chuma alizipiga msasa na rangi, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyetumbukia majini kwa sababu ya mbao zake.

Nyumbani aliishi na mama yake na mdogo wake, kitinda mimba wao, aliyekuwa akisuka nywele saluni. Huyo mdogo alipenda matembezi ya boti, na kila alipotoka dada yake alimsindikiza na wimbo uleule.

"Ukipanda boti, vaa jaketi la kuelea. Funga kamba zote tatu. Sitaki kusikia habari za joto wala za nguo kujikunja."

"Dada, wewe hata kuoga ungeoga na jaketi!" mdogo wake alimcheka. Lakini alitii.

Jumapili moja alipanda boti ya Tabasamu, tajiri aliyemiliki boti tatu za starehe na ambaye hakuna aliyewahi kumwona amefunga mdomo. Boti ya watu kumi na wanne ilibeba ishirini na wawili. Ilipokata kona kwa mbwembwe, hatua chache tu kutoka gatini, ikapinduka. Waliokataa majaketi, na walikuwa wengi, wakaogelea au wakang'ang'ania ubavu wa boti mpaka wakaokolewa. Aliyezama alikuwa mmoja tu, na yeye alitolewa majini amevaa jaketi, kamba zote tatu zimefungwa.

"Jaketi alikuwa nalo," Tabasamu aliwaambia wachunguzi. "Mlitaka nifanye nini tena? Siku zake zilikuwa zimefika." Msibani akaja na shada la maua, akamshika Bi Bolti mkono kwa mikono miwili. "Pole, dada. Kazi ya Mungu haina makosa."

Hospitali iliwarudishia mfuko wenye viatu, kitambaa cha kichwa na lile jaketi. Mama alilianika kambani uani pamoja na nguo nyingine. Siku ya tano lilikuwa bado linachuruzika.

"Mwanangu," mama aliita, "nguo gani hii isiyokauka?"

Bi Bolti alichukua kisu cha jikoni akalichana. Ndani mlikuwa na sponji la godoro kuukuu, la manjano, limelowa na kuwa zito kama mchanga. Kipande kimoja kilikuwa bado na maua ya foronya yake. Mshono ulikuwa wa uzi mweusi, umepindapinda kama njia ya konokono.

Mama aliketi palepale juu ya ndoo iliyofunikwa. "Kwa hiyo waliokaidi wamepona," alisema, "na wangu aliyesikia la mkuu..." Tangu siku hiyo akawa anakula kijiko kimoja viwili tu, vya kumezea dawa.

Bi Bolti hakulia. Kitu ndani yake kiliganda, kikawa kigumu na cheusi kama lami iliyopoa. Aliubeba ushahidi wake mpaka ofisi ya usalama wa majini. Tabasamu aliitwa, akaligeuza jaketi mara moja tu. "Hili limeshonewa nyumbani," alisema. "Mtu mwenye msiba hakosi wa kumsingizia." Ofisi ikasema jaketi moja halitoshi kuwa ushahidi. Baada ya wiki sita boti zake zilikuwa majini tena.

Mwaka ule ikatangazwa nafasi ya mkaguzi wa boti za starehe. Mafundi waliikimbia: mshahara uleule, na kazi ni kugombana na wenye nazo. Bi Bolti aliomba. Kwa miezi minane alikesha mezani jikoni na vitabu vya kanuni, akisoma kama mtu anayenoa panga.

"Binti, hasira hasara," fundi mkuu alimwonya.

"Hasara nimeshaipata, mzee," alimjibu. "Sasa niachie hasira yangu."

Siku yake ya kwanza ya ukaguzi ilikuwa Jumamosi. Alivaa sare, akazipita boti tisa bila kuzitazama, akasimama kwenye boti ya Tabasamu. Walimu wa shule moja walikuwa wanapanda kwenda kupunga hewa, na Tabasamu mwenyewe alikuwa anawapokea.

"Aa, dada! Siku hizi umekuwa mkubwa," alisema. "Majaketi hayo hapo. Hesabu mpaka uchoke."

Yaliyoning'inia kwenye ndoano yalikuwa mapya, bado yananukia duka. Bi Bolti hakuyagusa. Alipiga magoti, akafunua benchi la nyuma. Humo yalikuwa yamerundikwa mengine, yale wanayogawiwa abiria wanapozidi. Alilibonyeza moja kwa dole gumba. Likabonyea, likakaa vivyo hivyo. Kisha akauona uzi: mweusi, umepindapinda.

Alichotakiwa kufanya ni kuyafunga kwa lakiri, kuandika majina ya mashahidi na kuizuia boti. Alikijua kifungu hicho kwa moyo. Kwa mtu asiye na kisasi, kazi ingeishia hapo. Aliinuka na jaketi mkononi.

"Hili nalo ni zima?"

"Zima kabisa. Majaketi yangu yote ni mazima," alijibu Tabasamu kwa sauti ya kusikika mpaka nyuma.

"Basi livae, uruke."

Walimu wakacheka, wakidhani ni maonyesho ya usalama. Mama mmoja mnene mwenye miwani akapiga makofi. "Haya, mheshimiwa! Tuonyeshe nasi tupate imani."

Tabasamu alitazama nyuso zile, akatazama maji. Meno yalikuwa bado nje, lakini macho yalishaacha kucheka. Angeweza kukataa. Lakini mdomo wake ulikuwa umeshamfunga, na kuogelea alijua kidogo.

"Mimi nimezaliwa majini," alisema.

Bi Bolti alimfunga kamba mwenyewe. Moja. Mbili. Tatu. Aliikaza ya mwisho kama anavyokaza nati.

Tabasamu aliruka. Akaibuka, akapunga mkono, walimu wakashangilia. Akapiga mikono mara chache. Jaketi lilikuwa limeanza kunywa. Mabega yakazama, kisha kidevu, na vidole vikaanza kupapasa fundo lisilofunguka. "Boya!" alipiga kelele, na maji yakamjaa mdomoni.

Boya la kuokolea lilikuwa mkononi mwa Bi Bolti tangu mwanzo. Hakulirusha. Alianza kuhesabu kimoyomoyo, polepole. Kwenye nne kichwa kilipotea. Yule mama mwenye miwani alimshika bega. "Dada, anakufa!" Kwenye saba kichwa kiliibuka, macho yamemtoka, na macho hayo yakakutana na yake. Hapo ndipo alipolirusha, likatua mbele yake pasipo kukosea hata shubiri.

Walimvuta mpaka kwenye ngazi. Alitapika juu ya mbao, akitetemeka, huku maji ya manjano yakimchuruzika kutoka kwenye mishono ya jaketi mbele ya walimu wote.

"Kazi ya Mungu haina makosa," Bi Bolti alimwambia kwa sauti ya chini. "Ya kwako inayo."

Stoo yake ilipofunguliwa yalikutwa majaketi mengine arobaini na moja ya godoro. Walimu walitoa ushahidi, na mahakama ikampa Tabasamu miaka sita. Boti zake zilikamatwa. Lakini Bi Bolti naye aliitwa mbele ya kamati.

"Kwa nini ulichelewa kurusha boya?"

"Nilitaka ajue."

"Ajue nini?"

"Alichokijua mdogo wangu."

Mwenyekiti aliweka kalamu chini. "Unajuta?"

"Kumrushia? Hapana. Nilikuwa mkaguzi."

Wakamvua sare siku ileile, wakamrudisha karakana. Alirudi nyumbani jioni, akamkuta mama yake kakaa jikoni, sahani yake imefunikwa. Akamsimulia yote, tangu benchi la nyuma mpaka kamati.

"Alikunywa maji?" mama aliuliza mwishowe.

"Alikunywa."

"Mengi?"

"Mengi, mama."

Mama aliinama kidogo, akafikiri. Kisha akafunua sahani, akanawa mikono, akavuta kiti karibu na meza.

"Niongezee mchuzi," alisema.